Ukitaka Kuhamia Mbulu au Katesh na Laptopu, Uliza Kwanza Siku Mbaya Ikoje

Siku hizi kila ukifungua simu unakuta mtu kahama Dar. Jana alikuwa analia na foleni ya Ubungo, leo kaweka picha yuko kibarazani, shuka begani, kikombe cha chai mkononi, na nyuma yake Mlima Hanang umejifunga wingu kama kilemba. Chini kaandika maneno mawili matatu kuhusu amani ya moyo. Watu wanampongeza, na katikati ya pongezi hakosekani wa kuuliza, "Dada, vyumba huko bei gani?"

Swali la bei lina maana yake. Pesa ya chumba na sebule Sinza inaweza kukupa nyumba nzima Katesh, na uani ukafuga kuku. Lakini likiwa ndilo swali la kwanza, na mara nyingi la mwisho, hapo ndipo watu wanapoumia.

Anayefanya kazi mtandaoni ana bahati ambayo wazazi wake hawakuijua. Mwalimu alipangiwa kituo. Polisi alipewa barua ya uhamisho. Mfanyabiashara alifuata soko. Huyu wa laptopu, mradi kazi inamfikia mteja kwa wakati, anaweza kukaa popote penye mtandao. Anachagua mwenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wanauchagua mji kwa siku yake nzuri: jua la asubuhi, maziwa freshi, hewa safi, watu wapole. Siku nzuri miji yote ni mitamu. Mji uchaguliwe kwa siku yake mbaya: siku mtandao umekata, umeme hakuna, mtoto kabanwa kifua saa nane usiku, mvua imeharibu barabara, au mlima wenyewe umeamua kushuka.

Na kwa wilaya za Mbulu na Hanang, hilo la mwisho si mfano wa kutunga.

Watu watatu, bila majina

Ili mambo yaeleweke, chukua watu watatu. Majina hayana haja, kwa sababu kila anayefuatilia habari za kuhama mjini anamjua mmoja wao.

Wa kwanza ni dada wa picha. Ana wafuasi wengi, anaishi kwa matangazo na kutengeneza video za makampuni. Alifika Katesh kwa mapumziko ya wikendi, akaupenda mlima, akalipa kodi ya miezi sita palepale.

Wa pili ni kaka wa programu. Kazaliwa Dongobesh, kasoma, kapata kazi ya kuandika programu kwa kampuni ya Ulaya, na kwa miaka kadhaa alikuwa anapanga Kimara. Siku moja akajiuliza: kama bosi hajawahi kuuona mlango wa chumba changu, kwa nini chumba chenyewe kiwe Kimara? Akarudi Mbulu.

Wa tatu ni mama mfasiri. Anatafsiri nyaraka na kuandika maneno ya rekodi za sauti. Ana mtoto mwenye pumu. Yeye kachagua Haydom, na marafiki zake wa mjini wakamcheka: "Haydom? Shoga, kuna nini huko?" Jibu lake lilikuwa neno moja: hospitali.

Kati ya hao watatu, aliyechagua kwa akili zaidi ni huyo aliyechekwa.

Mlima wa kwenye picha

Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na uko kati ya milima mirefu kabisa ya nchi hii. Ukiwa Katesh hauhitaji kuutafuta, unakutazama wenyewe. Ni mzuri, hakuna ubishi.

Ni huohuo uliomwaga msiba. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba zilizolala salama usiku zilikuwa hazipo asubuhi. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari yake, na baadaye nyumba zaidi ya 100 zikajengwa eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi.

Haya yanasemwa hapa kwa sababu moja tu. Mtu anayepanga nyumba Katesh leo ana haki ya kujua, na ana wajibu wa kuuliza: mlango huu uko upande gani wa korongo? Desemba ile maji yalipita wapi? Nyumba hii ilikuwepo, au imejengwa juu ya tope lililokauka?

Dada wa picha hakuuliza. Aliuliza kama dirisha linaonyesha mlima. Dalali naye, ambaye riziki yake ni mwezi wa kwanza wa kodi, hakuwa na sababu ya kumharibia ladha. Ni mama mwenye nyumba aliyemwambia, tena baada ya kuulizwa kitu kingine kabisa.

"Mama, shikamoo. Hivi maji hapa yanakatika?"

"Marahaba mwanangu. Ya bomba yanakatika. Ya mlimani ndiyo hayana mwenyewe. Mvua ikipiga kule juu usiku, wewe usilale usingizi wa mjini."

Hiyo sentensi moja ina thamani kuliko video kumi za kuutangaza mji. Na haikuwekwa kwenye picha yoyote.

Hii haina maana kwamba Katesh ikimbiwe. Watu wa Katesh wapo, wanalima, wanauza, wanaoa, wanajenga upya. Wanaujua mlima wao na wana mahali wanapokwenda mvua ikizidi. Mgeni asiyejua anaishi mji huohuo bila ujuzi huohuo. Ndiyo maana wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake.

Mtandao: tenganisha shida ya nchi na shida ya mtaa

Sasa kwenye chakula cha mtu wa laptopu, yaani intaneti.

Kuna siku mtandao unakata nchi nzima, na hapo mji wako hauna kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoathirika sana. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na hali hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa. Siku kama hizo aliyeko Masaki na aliyeko Yaeda Chini wako sawa, wote wanaangalia kioo cha simu. Kinachosaidia hapo ni akiba ya mwezi mmoja au miwili, na mteja aliyeambiwa mapema kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea. Mteja anaweza kusamehe kuchelewa. Kupotea bila taarifa ndiko kunakomkimbiza.

Shida ya mtaa ni nyingine, na hiyo ndiyo inatakiwa ikusumbue unapochagua. Mbulu ni nchi ya vilima na mabonde. Juu ya kilima simu inasoma 4G, ukishuka bondeni kuchota maji inatafuta mnara kama mtu anayetafuta miwani yake. Kwa hiyo kuambiwa "Mbulu mtandao upo" hakutoshi. Upo wapi? Kwenye chumba kipi? Saa ngapi?

Saa ina maana sana. Ukifanya kazi na mtu wa New York, saa tatu asubuhi yake ni saa kumi au saa kumi na moja jioni huku, kutegemea majira yao. Huo ndio wakati kila mtu wa Katesh na Mbulu katoka shamba au dukani, kashika simu, na mnara mmoja unabeba mji mzima. Mtandao uliokwenda vizuri saa nne asubuhi ulipokuja kuangalia nyumba, jioni unaweza kukuangusha katikati ya kikao cha video, sura yako ikaganda mdomo wazi mbele ya watu wanaokulipa.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Nenda na laini mbili za makampuni tofauti. Kaa ndani ya chumba chenyewe, si nje kwenye mwembe. Piga simu ya video jioni, tena siku ya mvua ukiweza. Kama laini zote mbili zinakwama, hapo ni mahali pa kupumzikia. Ofisi tafuta kwingine.

Umeme nao uko hivyohivyo. Mgao wa umeme uliosumbua nchi kuanzia mwaka 2023 ulianza kupungua mwaka 2024, mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuzalisha. Lakini nguzo ikianguka kwa upepo kijijini, bwawa halikusaidii. Fundi atakuja, na atakuja kwa wakati wake. Kaka wa programu analijua hili, ndiyo maana kabla ya kununua hata kitanda kizuri alinunua betri na paneli ya sola. Rafiki zake walimwona mshamba. Mvua ya kwanza ilipoleta giza la siku mbili, yeye alikuwa anafanya kazi, na nusu ya mtaa walikuwa kwake kuchaji simu.

Hospitali na barabara

Mama mfasiri alifika Haydom na orodha fupi. Mtoto wake akibanwa kifua usiku, ni dakika ngapi mpaka kwa daktari? Hakuanza na mandhari wala bei.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, katikati ya pori wakati huo. Leo ina vitanda zaidi ya 400 na inahudumia watu kutoka mikoa ya jirani. Wagonjwa wanatoka mbali kuifuata. Huyu mama kaamua kuishi jirani nayo.

Kuna jambo jingine ambalo waliomcheka hawakulijua. Haydom ilizoea watu wa kazi za mbali kabla jina hilo halijawa fasheni. Kwa miaka mingi madaktari na watafiti wa kigeni wamekaa pale, wakifanya kazi na vyuo vya ng'ambo, wakituma taarifa zao kutoka mji ambao wengi wa Dar hawawezi kuuonyesha kwenye ramani. Walikaa kwa sababu hospitali ilijenga mji kuizunguka: maji, umeme, nyumba za kupanga, maduka, hata uwanja mdogo wa ndege.

Ila Haydom nayo ina siku yake mbaya, nayo ni barabara. Mji uko mbali na lami kuu, na masika gari linaweza kukwama. Mtu ambaye kila mwezi lazima aonane na mteja Arusha au Dodoma, Haydom itamla nauli na mgongo.

Kwa barabara, Katesh ndiyo inayoongoza. Iko kwenye lami ya Babati kwenda Singida, mabasi yanapita mchana kutwa. Na tangu lami ya Babati hadi Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, mtu wa Katesh anaweza kuamka asubuhi na kulala makao makuu ya nchi bila kula vumbi.

Mbulu mjini inakaa katikati ya hao wawili. Iko juu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na kuifikia lazima upande, iwe unatokea Karatu au unakwea mlima wa Magara. Hewa yake ni ya kuvaa sweta, Julai ukilala bila blanketi zito umejitakia. Mtu wa Tanga au Mtwara anaweza kuona ni adhabu. Mtu wa Mbulu anaona ni neema.

Kwa hiyo tazama vizuri. Katesh ina barabara, na ina mlima. Haydom ina hospitali, na ina umbali. Mbulu mjini ina soko, ofisi za serikali na baridi, na ina kupanda na kushuka. Hakuna mji wenye vyote. Unachagua ubaya unaouweza, na ubaya anaouweza mwenzio unaweza kukuua wewe. Wahenga wa pwani walishasema, usisafirie nyota ya mwenzio.

Kurudi nyumbani ni kuhama pia

Wengi wanadhani kaka wa programu ndiye aliyepata mteremko, kwa sababu karudi kwao. Anajua lugha, anajua njia za mkato, mama yupo. Kumbe siku yake mbaya ipo pia, nayo inaingia na mlango wa mbele saa mbili asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Bado uko ndani? Kazini leo huendi?"

"Nipo kazini mama. Bosi wangu yuko Ujerumani."

"Huyo Mjerumani hajui kwamba ng'ombe hawajapelekwa majini?"

Ukicheka, cheka, lakini ndani ya hayo maneno kuna jambo zito. Kijijini kazi inaonekana. Mtu anainama shambani, anabeba gunia la vitunguu saumu, anachunga, anajenga. Mtu anayeshinda ndani ameweka visikilizio masikioni, anaongea peke yake Kiingereza, halafu mwisho wa mwezi ana pesa, huyo anazua maswali. Wapo watakaosema hana kazi. Wapo watakaosema ni tapeli wa mtandaoni. Na wapo ndugu watakaoona kwamba kwa kuwa yuko nyumbani, basi muda wake ni wa ukoo mzima: nipeleke kliniki, nisindikize mnadani, niandikie barua ya shule.

Kaka huyu alikaribia kukimbia mwezi wa pili. Kilichomwokoa ni mambo mawili. Kwanza alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaeleza anafanya kazi gani na kwa nani, kwa Kiswahili cha kawaida bila majigambo. Pili alimkalisha mama yake mbele ya kioo wakati wa kikao, Mjerumani akampungia mkono. Tangu siku hiyo mama ndiye mlinzi wa mlango. Mtu akija asubuhi anaambiwa, "Yuko na wazungu wake, rudi saa kumi."

Maana ya habari hii ni kwamba kurudi nyumbani nako ni kuhama. Unahamia kwa watu waliomjua mtoto wa miaka kumi na tano, hawakujui wewe wa leo. Usipowaeleza, watajaza wenyewe.

Jirani ndiye huduma ya kwanza

Kuna kosa ambalo watu wa laptopu wanalifanya kila mji, na Manyara linaonekana upesi. Wanahama na mwili, moyo wanauacha kwenye kundi la simu. Miezi minne wako Katesh hawajui jina la jirani wa kushoto. Msiba ukitokea mtaani wanafunga dirisha kwa sababu vilio vinaingia kwenye rekodi.

Jamani, msibani watu wanahesabiana. Hakuna anayeandika daftari, lakini kila mtu anajua nani alikuja na nani hakuja. Anayekwenda kukaa, hata nusu saa, hata kama haelewi Kiiraqw wala Kidatoga kinachosemwa, kajiandikisha kwenye mji. Asiyekwenda ni mpangaji tu.

Na usidhani utaonekana kituko kwa kutojua lugha. Ukanda huu ni wa ajabu: Wairaqw wana lugha ya Kikushi, Wadatoga ya Kiniloti, Wanyiramba na Waisanzu wa upande wa Singida ni Wabantu, na Wahadza wa Bonde la Yaeda wana lugha yao isiyo na ndugu. Watu hawa wamekuwa wakikutana minadani na kuelewana kwa vizazi. Mgeni kwao si jambo jipya. Wanachokiangalia ni kama mgeni anasalimia.

Umuhimu wa jambo hili utauona siku mbaya. Tope likishuka, kabla ya mitambo na kabla ya wanajeshi, anayegonga mlango ni jirani. Mtoto akizidiwa, anayejua bodaboda gani inaamka saa nane usiku ni jirani. Umeme ukikata, anayejua fundi kanywa wapi ni jirani. Hakuna bando linalonunua hilo.

Dada wa picha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, alisalimia kwa tabasamu, alilipa kodi. Ila mvua za Desemba zilipoanza na usiku mmoja mlima ukanguruma, hakuwa na namba ya mtu hata mmoja wa mtaa ule. Alikaa macho hadi asubuhi akisoma habari za 2023 kwenye simu. Wiki iliyofuata alipanda basi. Picha ya kibarazani bado ipo ukurasani kwake, na watu bado wanauliza bei ya vyumba.

Kiwanja cha bei chee

Hatua ya kupanga ikipita, inakuja ya kununua. Mtu kakaa miezi mitatu, kaona ardhi kubwa, nyasi hadi upeo wa macho, kaambiwa bei, kapata kizunguzungu cha furaha. Hapa panahitaji breki.

Hanang inawajua wageni wanaoona nyasi wakadhani hakuna mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1970, mradi mkubwa wa ngano uliosaidiwa na Kanada ulichukua takriban ekari 100,000 za nyanda za Basotu na jirani zake. Kwenye karatasi yalikuwa mashamba ya taifa. Kwa Wabarabaig yalikuwa malisho yao, njia zao za ng'ombe na makaburi ya wazee wao. Kesi zilikwenda mahakamani na uchungu wake haujaisha midomoni mwa watu.

Kwa hiyo mtu akikuuzia ekari tano kwa haraka, mkutano wa watu wawili na karatasi ya daftari, simama. Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Halmashauri ya Kijiji ndiyo mahali pa kuanzia. Uliza nani anachunga hapa kiangazi. Uliza njia ya maji ya ng'ombe iko wapi. Uliza wazee, si dalali peke yake. Ukinunua ugomvi wa watu, hakuna mandhari itakayokutuliza.

Kwa nini inafaa kubishana kuhusu hili

Kuna watakaosema, haya yote ya nini, mtu akitaka kuhama si ahame? Ahame. Tena Mbulu na Hanang zinahitaji watu wahamie, hasa watoto wao wenyewe. Kwa miaka na miaka njia imekuwa ya upande mmoja: kijana akifaulu anapanda basi la Arusha au Dar, anarudi Krismasi na begi, anaondoka Januari. Sasa kwa mara ya kwanza mshahara wa Berlin unaweza kuliwa Dongobesh. Ukiliwa huko unamlipa fundi wa huko, mama ntilie wa huko, ada ya mtoto wa huko. Hilo si jambo dogo.

Nchi nyingine zinawagombania watu wa namna hii. Kenya mwaka 2024 iliweka kibali maalumu kwa wageni wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa nchini humo. Zanzibar nayo imekuwa ikiwavutia watu wa teknolojia. Wote wanawatongoza wageni wa mbali. Mbulu haihitaji kutongoza mbali hivyo. Wanaotakiwa kurudi wanajua njia, wamezaliwa huko.

Lakini hawatakaa kwa ajili ya picha. Watakaa kama halmashauri zitafanya mambo ya kawaida kabisa: kusema wazi, kwa ramani iliyobandikwa ukutani, mitaa ipi ya Katesh iko kwenye njia ya maji na haifai kupangishwa, kuyabana makampuni ya simu mnara wa pili ufike, kuifanya barabara ya Haydom isiwe bahati nasibu kila masika. Mpangaji naye, kwa upande wake, aache kuuchukulia mji kama pazia la nyuma ya picha.

Kipimo ni rahisi na hakina gharama kubwa. Kabla hujalipa miezi sita, nenda mwezi wa mvua, Januari au Aprili, wakati hakuna anayepiga picha. Lala usiku tano. Washa laptopu jioni. Tembea kwa mguu kutoka kitandani hadi kwa daktari aliye karibu, au hesabu nauli. Muulize mama mwenye nyumba maji yalipita wapi. Msalimie jirani wa kushoto na wa kulia, uchukue namba zao.

Usiku wa tano ukipita na bado unataka kukaa, lipa kodi. Picha ya mlima utapiga baadaye, haina haraka.